Chini ya Sehemu ya Kumi na Moja

Skola mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Peramiho kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua bibi, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda hadi gari la jioni. Mama yako yuko uani anafunga unga na dagaa wa Nyasa kana kwamba huko Mbeya watu hawali. Mambo ya shuka, ya jiko, ya nani wa kumpigia ukifika stendi, ameshakuambia yote, na mengine amekuambia mara nne. Mimi siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, ni baya, na ninaliandika sasa hivi kabla sijaanza kulizungukazunguka.

Yule "Msomaji Huru" aliyekuandikia chini ya sehemu ya kumi na moja ya simulizi yako ni mimi.

Ndiyo. Baba yako. Nilikuwa nimekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, wewe uko ndani unapiga pasi, nikaandika maneno yale kwa kidole kimoja, nikatuma, nikaendelea kunywa chai yangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningekusindikiza kesho asubuhi, nikakununulia maji ya chupa, nikapunga mkono, ukaenda zako. Na kusema kweli mpango wangu ulikuwa huo. Lakini leo asubuhi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Kesho nikishakaa kwenye basi naufuta ule ukurasa wote. Sitaki kufika chuoni na aibu ile." Mama yako akakuuliza aibu gani, ukasema, "Achana nayo, mama." Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Nikaiweka chini taratibu, nikarudi nje kama mwizi.

Sehemu kumi na moja, Skola. Kila Ijumaa, bila kukosa, hata ile wiki uliyoumwa malaria. Zote zinakwenda kufutwa kwa sababu ya mtu mmoja ambaye ulidhani humjui, kumbe mnagombania kijiko kimoja cha sukari.

Sasa nikueleze nilivyofika hapo. Sijitetei, nataka tu uijue sura yote.

Simu hii uliniwekea wewe mwenyewe, ukanifundisha kuifungua, ukaniingiza kwenye kundi la jumuiya yetu ndogondogo. Siku moja mtu akaleta pale simulizi, mwandishi anajiita Binti Matogoro, inaitwa "Bani la Mama Suzi." Mjane wa Namtumbo ameachiwa bani, banda la kukaushia tumbaku ya moshi, na hajui pa kuanzia. Nikasema, ngoja niwaone hawa watoto wa mjini wanajua nini kuhusu tumbaku. Sehemu ya pili nikakutana na mbwa anaitwa Polisi, mkubwa kama ndama, anaogopa kuku. Nikamtazama Polisi wetu pale uani, na yeye akanitazama. Basi nikajua.

Nilizisoma zote. Sehemu ya nne, pale Mama Suzi anaposhona majani kwenye fito huku anamfundisha mwanawe hesabu kwa majani hayohayo, nilicheka peke yangu mpaka mama yako akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Sehemu ya saba, msiba wa mumewe, pale watu wanamlazimisha akae mkekani na yeye anauliza moto anauangalia nani, nilitoka nje nikasingizia mafua. Mtu mzima na mvi zangu. Na sikuandika neno hata moja. Hata kile kidole gumba sikukibonyeza.

Na nilikuwa nakuona! Hilo ndilo linaloniuma. Ijumaa jioni ulikuwa unaiweka simu kifudifudi mezani, unaigeuza, unaiangalia, unaiweka tena kifudifudi. Mama yako alidhani kuna kijana. Mimi nilijua unasubiri nini. Ulikuwa unasubiri mtu mmoja tu akuambie kwamba amesoma, na mtu huyo amekaa mbele yako anamung'unya mfupa.

Kwa nini sikusema? Kazi yangu unaijua, lakini nadhani hujui ilinifanya nini. Mteuzi wa tumbaku anafungua robota, ule mzigo wa majani uliofungwa, anashika jani, analivuta, analinusa, anatoa daraja, anasogea kwa robota lingine. Jani likiwa baya anaeleza: hili lina ukungu, hili limeungua, hapa umechanganya ya juu na ya chini. Likiwa zuri hasemi kitu. Anapiga alama, anapita. Nilifundishwa hivyo na mzee aliyenitangulia, maana ukimsifia mkulima mbele ya wenzake, ndani ya dakika tano ghala zima linanong'ona kwamba umeshakula kuku wake. Na robota la ndugu yako huligusi kabisa, anaitwa mteuzi mwingine. Nimefanya hivyo misimu yote ya ujana wangu, na nilipostaafu nikaja nayo nyumbani kama nilivyokuja na koti la kazi. Wewe ni ndugu, kwa hiyo nikaficha jina. Sehemu zako kumi zilikuwa nzuri, kwa hiyo nikapita kimya. Ya kumi na moja nikaona kasoro, hapo ndipo mdomo ukafunguka.

Maneno yangu unayajua kwa moyo, najua, lakini acha niyaandike hapa kwa mkono wangu nione yanavyokaa. "Sehemu hii ni daraja la mwisho kabisa. Hakuna mtu anayeingia ndani ya bani wakati moto unawaka, angekufa kwa moshi. Mwandishi anaandika asichokijua. Aende kwanza akajifunze kwa wakulima."

Kisha wakaja wale wa kucheka. Mmoja akasema, "Kumbe anatudanganya tu." Mwingine akasema umeiba mahali. Watu ambao sijawahi kuwaona kwenye sehemu zako kumi za kwanza, leo wamefurika kama siafu. Na wale wawili watatu waliokuwa wanakuandikia "tunasubiri, dada" wakanyamaza, labda waliona haya kwa niaba yako. Niliangalia yote hayo yakitokea. Ningeweza kuandika "jamani, mimi nimekosea lugha." Sikuandika. Nilijiambia kwamba nimesema ukweli, na ukweli hauombewi radhi.

Jioni ile tulikula ugali na maharage. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Baba, hivi kwenye tumbaku ya moshi, mtu hawezi kuingia ndani moto ukiwaka?"

Skola, nilijua kwa nini unauliza. Nilijua kabisa. Nikasema, "Haiwezekani."

Ukasema, "Bibi aliniambia yeye alikuwa anaingia."

Nikasema, "Bibi yako amezeeka, anachanganya mambo."

Ukanawa mikono. Mama yako akasema mbona huli, ukasema umeshiba. Na mimi, wallahi kama wanavyoapa wenzetu, nikavuta sahani yako nikamalizia maharage.

Ijumaa iliyofuata hukuweka kitu. Na iliyofuata.

Sasa kuna jambo la pili, na hili hata mama yako hajui. Ile kasoro ya moto siyo iliyonitia hasira. Kwenye sehemu ya kumi na moja, kabla ya moto, umemweka mteuzi. Ukurasa mmoja tu. Anafika ghalani, anashika jani la Mama Suzi, anatoa daraja la kwanza, anaondoka. Ukaandika kwamba "hakumtazama usoni, alitazama jani, na Mama Suzi akarudi nyumbani na daraja la kwanza asijue amefanya nini." Nilisoma mstari huo nikahisi mtu amenizaba kibao. Nikasema huyu mtoto ananisema mimi. Nikatafuta mahali pa kukupiga, nikapata moto. Huo ndio ukweli wa komenti yangu. Nilijificha nyuma ya ujuzi kwa sababu nilikuwa nimeumia, na mtu aliyeumia akipata jina la bandia mkononi anakuwa mtu mbaya sana.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba uliandika kitu ambacho kilinitokea, na sijawahi kukusimulia. Sijamsimulia mtu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Namtumbo, Mama Zuhura. Nimeshika majani mengi maishani, lakini la kwake lilikuwa linanyooka mkononi kama ngozi iliyopakwa mafuta, na harufu yake ungependa ubaki nayo. Misimu mitatu mfululizo nilimpa daraja la kwanza nikapita. Jirani yake tumbaku yake ilikuwa takataka, kwa hiyo kila msimu nilisimama naye namweleza mpaka koo linakauka. Msimu wa nne Mama Zuhura hakuja. Nikasikia amebomoa bani, analima ufuta. Nilikutana naye sokoni, ananipa shikamoo ya utani kwa sababu ananizidi umri, nikamuuliza, mama, vipi tena, mkulima bora kama wewe?

Akaniangalia. Akasema, "Mkulima bora? Leo ndiyo nakusikia."

Nikamwambia si nilikuwa nakupa daraja la kwanza kila mwaka. Akasema, "Mteuzi, mwaka wa kwanza nilitumia kuni za aina moja, wa pili nyingine, wa tatu nikachelewesha kuchuma. Kila mwaka umenipa daraja lilelile, umepita. Mimi nirudie nini? Nilikuwa nabahatisha tu, naogopa, usiku silali. Jirani yangu na uchafu wake alikuwa anarudi nyumbani anajua la kufanya. Mimi nilikuwa narudi na alama." Kisha akacheka, akasema, "Alhamdulillah, ufuta hauna mteuzi," akaenda zake.

Nilisimama pale sokoni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza, mwanangu. Nilikasirika, nikasema wanawake wana maneno. Mpaka binti yangu aliponiandika hadharani bila kujua.

Juzi ndipo nilipoanza kuamka. Nilikwenda kwa Mama Tito pale kona ya Lizaboni kununua vitumbua, nikamkuta ameinamia simu, vitumbua vinaungua. Nikamwambia mama, chakula cha watu hicho. Akasema, "Samahani, baba Skola, narudia kusoma kitu cha zamani. Kuna binti alikuwa anaandika mambo ya bani, ameacha ghafla. Hivi atakuwa anaumwa? Au amekufa?" Nikauliza ni binti gani. Akasema hamjui, anajiita Binti Matogoro, lakini kila Ijumaa alikuwa anamsomea mama mkwe wake asiyeona, na yule bibi sasa kila Ijumaa anauliza, mtoto wetu kaandika? Nikamuuliza, je, wewe uliwahi kumwandikia kwamba mnamsoma? Akashtuka. "Mimi? Niandike nini mimi, darasa la saba? Nitachekwa. Halafu huyo ana wasomaji wengi, hanihitaji."

Umesikia? Hanihitaji. Ulikuwa unageuza simu mezani kama mgonjwa, na nusu kilomita kutoka hapo kuna watu wawili wanakupenda na wote wanadhani una watu wengi. Mimi wa tatu. Sote kimya kabisa. Na aliyepiga kelele ni mmoja tu, tena alikuwa anadanganya.

Ndiyo, anadanganya. Maana nilitoka kwa Mama Tito nikatafuta namba ya Mama Zuhura, nikahangaika siku nzima kuipata, nikampigia. Baada ya salamu nikamuuliza, mama, wakati wa tumbaku ya moshi, moto ukiwa unawaka, mtu anaingia ndani ya bani? Akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Mteuzi, miaka yote ile hukujua? Tunaingia! Tunatambaa, tumbo chini, kitambaa kilicholowa puani. Jani likidondoka motoni usipoingia kulitoa, bani lote linakwenda. Wewe ulikuwa unakuja kushika jani limeshakauka. Moto ungeujulia wapi?"

Kwa hiyo bibi yako hakuchanganya. Wewe hukukosea. Aliyeandika asichokijua ni mimi, na nilikuandikia kama hakimu.

Nisikilize sasa, na ukiona naanza kuhubiri ruka mistari. Huko unakokwenda utaandika tena, au hutaandika, ni juu yako. Lakini hata usipoandika, utasoma. Utakutana na mtu asiye na jina ameweka kazi yake mtandaoni, bila malipo, Ijumaa baada ya Ijumaa, na umeipenda. Mwambie. Usiseme "nzuri" ukapita, hiyo ni alama yangu ya ghalani. Mwambie ni wapi ulicheka, ni mstari gani ulirudia, ili ajue kesho arudie nini. Na ukiona kosa mwambie pia, kwa jina lako, kwa sauti ambayo ungetumia akiwa amekaa mezani kwenu. Mimi nilikuwa nawe mezani na nikachagua kiti cha plastiki nje. Hayo ndiyo niliyoyajua nikiwa na miaka sitini na mbili, na nimeyanunua kwa machozi yako, ambayo nilijifanya sikuyasikia usiku ule kupitia ukuta wa chumba.

Leo saa saba, wakati unaoga, nimeingia kwenye ukurasa wako. Jina la Msomaji Huru nimelitoa, nimeandika langu, Bonaventura. Nimeandika chini ya sehemu ya kumi na moja kwamba ile komenti ni yangu, kwamba nilisema uongo kuhusu moto, na mkulima aliyekausha tumbaku miaka mingi amethibitisha kwamba mwandishi yuko sahihi na mteuzi ndiye mjinga. Sikusema kwamba ni binti yangu, hilo jina la Matogoro ni siri yako na sitakuibia. Kisha nikarudi sehemu ya kwanza, nikaandika chini ya kila moja nilichokipenda na kwa nini. Vidole vinauma. Kwenye ya saba nimeandika kwamba nilitoka nje nikasingizia mafua. Watu wote watajua, basi.

Tangu hapo naogopa, Skola. Hujui ninavyoogopa. Sijui kama umefungua simu huko Peramiho. Sijui kama unaisoma sasa hivi ukiwa na bibi na unamwonyesha. Simu imetetema mara moja, nikaikamata kwa mikono miwili. Hukuwa wewe. Alikuwa ni Mama Tito, chini ya maneno yangu, komenti yake ya kwanza maishani. Nainakili: "Mimi nakusoma toka ya kwanza namsomea mama mkwe haoni. Huwa anashika mkono wangu ukifika pabaya. Usituache tafadhali." Nilikuwa nimemwambia asubuhi tu kwamba, mama, andika hivyo unavyoongea. Sikumwambia kitu kingine.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii kwenye begi lako, chini ya khanga, uikute njiani, huko Njombe, wakati mimi niko mbali na macho yako. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona kwamba huo ni ujanja uleule wa Msomaji Huru. Kwa hiyo hapana. Nakupa mkononi ukiingia, nami nitakaa hapahapa mezani unapoisoma. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Ukitaka kutonisemesha mpaka kesho stendi, nitabeba begi lako kimya. Ukurasa ni wako, ukiamua kuufuta uufute. Ninachokuomba ni kwamba uyasome kwanza yaliyo chini yake, ili ukiufuta ujue unafuta kitu kilichopendwa.

Polisi anabweka njiani, ule mbweko wake wa kushangilia. Umefika. Mama yako anakuita uani, kwa hiyo nina dakika mbili.

Ulimwacha Mama Suzi ametambaa ndani, kitambaa puani, moshi umeziba kila kitu, ameliona lile jani linawaka na amenyoosha mkono. Hapo ukaishia. Ni wiki ya tano sasa tumekaa nje ya mlango wa bani, mimi na Mama Tito na bibi asiyeona aliyeshika mkono wa mkwewe.

Skola mwanangu, alitoka?

Baba yako,
Bonaventura